Si ulafi, si uvivu: tunayodanganyana kuhusu unene

Ninaposhuka kwenye daladala jioni, kabla sijavuka barabara, napita vibanda vinne vya chipsi. Genge la mboga ni moja tu, na ikifika saa mbili usiku mwenye genge anakuwa ameshafunika nyanya zake kwa turubai. Vibanda vya chipsi ndiyo kwanza vinachangamka. Taa inawaka ndani ya kabati la kioo, viazi vimerundikwa, karai linachemka, na pembeni limesimama dumu la njano la lita 20.

Siku moja mbele yangu alisimama mama mmoja, mtoto mgongoni, mwingine kashika pindo la khanga. Akaagiza zege mbili za kufunga. Kijana wa chipsi akamimina mafuta kwenye kikaango, akatupia viazi ambavyo tayari vilishakaangwa mara moja, akavunjia mayai mawili juu yake, akageuza, akafunga pamoja na kachumbari kijiko kimoja. Nyuma yangu mtu akamwambia mwenzake, bila kujali kama anasikika, "Na mwili wote ule bado anafakamia chipsi." Yule mama alisikia. Nilimwona alivyoshusha macho, akapokea chenji haraka, akaondoka.

Alikuwa bado na sare ya kazini. Kwa anayefanya kazi mjini na kuishi huku kwetu, kuamka ni saa kumi alfajiri, na kurudi ni muda ule niliomkuta. Mkaa uwashwe saa ngapi, maharage yaive saa ngapi, watoto walale saa ngapi? Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno tunayowasemea watu wanene, msibani, harusini, ofisini, kwenye makundi ya WhatsApp. Mengi si kweli, na yanaumiza.

Dhana: Watu wananenepa kwa ulafi na uvivu

Hii ndiyo mama wa zote, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na unene uliopitiliza, ule ambao wataalamu wanauita kiribatumbo. Kiwango cha kiribatumbo kwa watu wazima kimezidi maradufu tangu 1990. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 1991/92 ulikuta asilimia 11 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa 2015/16 ukakuta asilimia 28. Kenya mwaka 2014 ilikuwa asilimia 33. Anayesema ni ulafi atueleze ulafi huo uliwaingiaje mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, Mwanza na Mexico, ndani ya kizazi kimoja. Hulka ya binadamu haigeuki kwa kasi hiyo. Kilichogeuka ni chakula kinachotuzunguka, bei yake, na muda tulionao wa kukipika.

Kuhusu uvivu, jibu zuri kuliko yote limetoka hapa hapa nyumbani, kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe wa huko wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume hutembea kilomita kama 11 kwa siku, wanawake karibu 6, tena porini. Mwaka 2012 kundi la watafiti, akiwemo Herman Pontzer wa Marekani na Mtanzania Audax Mabulla, lilichapisha vipimo vya nguvu inayotumika mwilini kwa siku kwa Wahadzabe 30. Njia yao ni ya kuaminika: mtu anakunywa maji yaliyowekwa alama ya kikemia, kisha mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa kuona mwili umechoma kiasi gani. Ungedhani watu wanaotembea namna ile wanachoma kalori nyingi kupita kiasi. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe alitumia kalori zinazolingana na za mtu wa Marekani au Ulaya.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliirudia mara mbili. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti yake: ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana matumizi kwingine. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, kwa sukari ya damu, kwa usingizi na kwa kichwa chenyewe, kwa hiyo tutembee, tena sana. Ila nusu saa ya kutembea kwa kasi inachoma kalori kama 150, na hizo zinarudi zote kwa soda moja. Mhadzabe hana kitambi, na ukitazama anachokula utaona sababu: mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi, matunda pori, ubuyu, nyama, na asali inapopatikana. Hakuna kibanda cha chipsi njiani anaporudi kambini.

Kuhusu ulafi, kuna jaribio lililofanyika Marekani kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, likiongozwa na Kevin Hall na kuchapishwa 2019. Watu 20 walikaa ndani kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kiwandani kupita kiasi, wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mmoja aliambiwa ale kiasi anachotaka. Kwenye chakula cha kiwandani watu wale wale walikula kalori kama 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Kwenye chakula cha kawaida walipungua karibu kiasi hicho hicho. Mtu yule yule, hamu ile ile, sahani tofauti. Kama ulafi ungekuwa ndio chanzo, ungehama nao kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Na usingizi nao umo. Anayelala kwa muda wa saa tano tu kila usiku, siku baada ya siku, homoni zake za njaa zinavurugika, na siku inayofuata anatamani vitamu na vya mafuta kuliko kawaida. Nikimkumbuka yule mama wa zege, anayeamka saa kumi, naona kwamba aliyemsema nyuma ya mgongo hakuwa anajua hata robo ya kinachomsukuma.

Wapo pia wanaonenepa kwa sababu ya ugonjwa, kama tezi ya shingoni kutofanya kazi sawasawa, au kwa dawa walizoandikiwa. Hao huwa hawatuambii. Wananyamaza tu wakati tunawacheka.

Dhana: Ni ugonjwa wa matajiri

Hapa kuna nusu ya ukweli, na sitaki kuificha. Katika tafiti za Tanzania na Kenya, wanawake wa mijini na wa kaya zenye uwezo ndio wanaoongoza kwa uzito uliozidi. Lakini katika nchi tajiri mambo yameshageuka, huko wanawake maskini ndio wanaozidiwa. Na huku kwetu mstari unasogea kuelekea huko, kwa sababu ambayo yeyote aendaye dukani kwa Mangi anaijua.

Gramu moja ya mafuta, ya aina yoyote ile, ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au protini ina 4. Lita moja ya mafuta ya kula ina kalori zaidi ya 8,000. Ukiwa na hela kidogo na matumbo manne ya kushibisha, mafuta ya kupima, unga uliokobolewa na sukari ndiyo njia nyepesi ya kulaza watoto wasilie. Samaki, mboga za majani, parachichi na maharage vinashibisha vizuri zaidi, lakini vingine vinataka hela na vingine vinataka saa mbili za mkaa.

Fanya hesabu ya nyumbani kwako. Kaya ya watu watano inayomaliza lita moja kwa siku tano inatumia mililita 200 kwa siku, yaani 40 kwa kila mtu. Hizo ni kalori zaidi ya 300 kwa kichwa, kila siku, kabla hujahesabu ugali wala mboga yenyewe. Mimi nilipoihesabu kwa chupa ya jikoni kwetu, tulikuwa tumezidi hapo.

Umaskini na unene vinakaa nyumba moja bila kugombana. Utafiti ule ule wa 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama ana uzito uliozidi, mtoto wake ni mfupi kuliko umri wake, na wote wawili wanakula chungu kimoja: wanga umejaa, mafuta yapo, lakini protini, madini na vitamini ni haba. Tumbo limeshiba, mwili una njaa.

Dhana: Mwili mkubwa ni afya, kukonda ni ugonjwa

Ndugu zangu, hii lazima tuizungumze kwa upole, maana ina kidonda ndani yake.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Watu wa kule waliuita ugonjwa ule Juliana. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim, kwa sababu uliwafanya watu wembamba. Kizazi kizima kilishuhudia kaka, dada, mwalimu na jirani wakipukutika mwili wiki hadi wiki. Kwa miaka mingi dawa hazikuwepo. Kukonda kulikuwa ndiyo tangazo la msiba. Hofu ile haikuondoka dawa zilipokuja. Ilibaki kwenye salamu. "Umenenepa, maisha yamekukubali." "Mbona umepungua, una nini?"

Mama yangu mkubwa alikutwa na kisukari akiwa na miaka hamsini na kitu. Aliambiwa apunguze uzito, akatii kweli kweli. Akaacha sukari kwenye chai, akapunguza sahani ya wali, akawa anatembea hadi sokoni badala ya kupanda bodaboda. Kwa miezi michache akashuka kilo tisa, na sukari yake ikatulia. Kisha majirani wakaanza kuja. Nilikuwapo siku moja alipoingia binti wa nyumba ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, mbona umepungua hivyo? Kuna usalama kweli?"

Alicheka, akamweleza. Kesho yake akaja mwingine. Kanisani akaulizwa. Kwenye kikoba akaulizwa, na mmoja akamletea pole ya shilingi elfu kumi kwenye bahasha. Baada ya miezi minne alikuwa amerudisha kilo zote, na aliponiona namtazama akaniambia polepole, "Mwanangu, bora kunenepa kuliko kusemwa." Mguu wake ulipata kidonda mwaka uliofuata, kikachukua miezi saba kupona.

Sasa tuseme ukweli wenyewe. Kitambi hakionyeshi kuwa mtu ana afya. Mafuta yanayokaa tumboni, kuzunguka ini na utumbo, yanahusiana na kisukari cha aina ya pili, presha na maradhi ya moyo kuliko yale ya mapajani na makalioni. Wala huhitaji mashine kujua unasimama wapi. Chukua uzi, upime urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, ukate. Ukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Kama ncha hazikutani, tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na hapo inafaa uende ukapimwe presha na sukari. Anayependa hesabu, uzito kwa kilo ugawanye kwa urefu kwa mita, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu huo huo: 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni kiribatumbo. Mtu wa sentimita 165 anafika 25 akiwa na kilo 68, na 30 akiwa na kilo kama 82.

Na wewe unayesoma, ukikutana na mtu aliyepungua, msalimie, muulize habari za watoto. Mwili wake mwachie mwenyewe.

Dhana: Ni ukoo wetu, sisi tumeumbwa hivi

Urithi upo. Wapo watu ambao miili yao inahifadhi mafuta kwa urahisi kuliko wengine, na tafiti za mapacha zimeonyesha hilo vizuri. Lakini urithi unahitaji mazingira ya kuuamsha.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kisii, Kenya, alichapisha vipimo vya presha vya wenyeji 1,000. Ulaya ilishazoeleka kwamba presha inapanda kadiri mtu anavyozeeka. Kisii haikupanda, na baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Daktari mwingine, Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka huo huo wa 1929 na baadaye kufundisha Uganda, alikaa zaidi ya robo karne Afrika Mashariki ndipo akaandika, mwaka 1956, habari za mgonjwa Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, kama jambo la ajabu kwa wakati wake. Leo kliniki za presha zinajaa watu wa eneo hilo hilo. Kati ya babu wa 1929 na kitukuu wa leo damu haijabadilika. Kilichobadilika ni chumvi, mafuta, sukari, kazi, na mahali pa kuishi. Dar es Salaam haikufikia watu laki nne katika sensa ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3, na wengi wao chakula chao wananunua, hawalimi.

Dhana: Mafuta haya hayana kolesteroli, kwa hiyo pika utakavyo

Maandishi hayo kwenye dumu ni ya kweli, ila hayakuambii kitu. Hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli, yawe ya mawese, alizeti, karanga, ufuta au nazi. Kolesteroli inapatikana kwa wanyama. Kuyasifia mafuta ya mimea kwa hilo ni kama kuusifia mchele kwamba hauna miba.

Cha kuuliza ni aina ya mafuta na wingi wake. Mawese, ambayo ndiyo mengi katika yale ya bei nafuu, na kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka Malaysia na Indonesia, karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Alizeti ya Singida na Dodoma ina kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa moyo, alizeti ni nafuu zaidi. Kwa kiuno, zote ni kalori 9 kwa gramu, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanabadili mafuta, wanaongeza upawa.

Turudi kwa yule kijana wa chipsi. Gramu 300 za viazi vibichi zina kalori kama 230. Ukivichemsha, zinabaki hizo hizo. Ukivizamisha kwenye karai, maji yanatoka, mafuta yanaingia, na kalori zinakaribia maradufu. Ongeza mayai mawili, kama 150, na mafuta ya kikaangoni mara ya pili, na zege moja ya kushiba inakaribia kalori 800. Kiazi chenyewe hakina kosa. Tena yale mafuta ya karai yanayotumika tangu Jumatatu hadi yawe meusi na mazito yanazalisha kemikali zisizofaa mwilini. Ukiona povu linajaa na moshi unawasha macho, nenda kibanda kingine.

Dhana: Ugali wa usiku ndio unaonenepesha

Hapana. Ugali hauna saa ya uchawi. Ukila kingi kuliko unachotumia, utaongezeka hata ukila saa sita mchana. Usiku una ubaya mmoja wa kweli: ndiyo saa tunayokula mlo mkubwa kwa sababu mchana tumeshinda na andazi na soda. Dona na sembe zinakaribiana kwa kalori, ila dona imebaki na kiini na pumba zake, ina nyuzinyuzi zaidi, inakaa tumboni muda mrefu. Kwa sahani, ninachokifanya nyumbani ni kuigeuza: kisamvu, matembele au mchicha vikae pale ulipokuwa ugali, ugali ukae pale ilipokuwa mboga.

Dhana: Juisi ya matunda, asali na sukari guru havina shida

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu kama 25, yaani vijiko sita vya chai. Katika hesabu hiyo asali imo, na juisi ya matunda imo, hata uliyokamua mwenyewe. Ukila embe zima, unalitafuna na nyuzinyuzi zake na moja linakutosha. Ukilisaga, ukachuja, unakunywa maembe mawili au matatu kwa dakika moja, halafu mwenye duka la juisi anaongeza na sukari juu.

Lakini kwa wengi wetu sukari haiji na juisi, inakuja na chai. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu saa nne, vitatu jioni. Umeshafika tisa na bado hujafungua soda, ambayo chupa ya mililita 350 ina vijiko vingine nane hadi tisa. Mgeni akija, soda inatangulia, na akikataa tunasema ana maringo. Nimeanza kuweka mtungi wa maji baridi yenye vipande vya limau na mnanaa mezani kabla ya kuuliza. Wageni wanakunywa. Hakuna aliyenuna mpaka leo.

Dhana: Ndimu na maji ya moto asubuhi vinayeyusha mafuta

Haviyeyushi. Wala siki, wala tangawizi, wala mkanda wa kubana tumbo, wala zile chai za kupunguza tumbo ambazo nyingi zinaharisha tu, na kilo inayopungua ni maji. Niliyekaa naye ofisi moja alinunua dozi tatu kwa mtu wa mtandaoni, akaishia kuwekewa dripu.

Kinachosikitisha ni kwamba watu wanazikimbilia kwa sababu wameshajaribu njia ya kawaida na wakarudi pale pale. Na hilo lina maelezo. Mwili ukipungua uzito unajihami kana kwamba ni njaa: unapunguza matumizi, na homoni za njaa zinapanda. Kwa hiyo aliyepungua kilo kumi akarudisha saba hakukosa msimamo. Alikuwa akishindana na mwili wake mwenyewe. Mabadiliko madogo unayoweza kukaa nayo miaka mitano yana nafasi kubwa kuliko mfungo wa wiki mbili, na kilo chache tu zikitoka na zisirudi, presha na sukari vinaanza kutulia. Asilimia 5 ya uzito inatosha kuonekana kwenye vipimo.

Dhana: Kula ni hiari ya mtu, hakuna wa kumsaidia

Mexico ilianza kutoza kodi vinywaji vya sukari mwaka 2014, peso moja kwa lita. Mwaka ule wa kwanza manunuzi ya vinywaji hivyo yalishuka kwa wastani wa asilimia 6, na yalishuka zaidi kwa kaya maskini. Afrika Kusini ilianza ya kwake Aprili 2018, ikitozwa kwa kadiri ya sukari iliyomo, na viwanda vikapunguza sukari kwenye chupa ili kuikwepa. Chile tangu 2016 inaweka alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti yenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi, na bidhaa yenye alama hiyo hairuhusiwi kuuzwa shuleni. Katika nchi zote tatu hakuna aliyehubiriwa habari za ulafi. Bei iligeuzwa, pakiti ikasema kweli, watu wakafuata.

Sisi tunaweza kuanzia karibu zaidi. Kamati za shule zinaamua nani auze nini getini wakati wa mapumziko. Wakuu wa masoko wanapanga genge likae wapi na lifungwe saa ngapi. Mwajiri anayewapa wafanyakazi soda kwenye kila kikao anaweza kuagiza ndizi na karanga kwa hela ile ile.

Pale kituoni kwetu nilizungumza na kijana wa kibanda cha pili, tumezoeana. Nilimuuliza kama anaweza kuweka sufuria ya viazi na mihogo ya kuchemsha, na maharage pembeni. Alisita, akisema watu watamcheka, halafu akajaribu na kilo tatu. Sasa anapika kilo nane. Wanaochukua ni madereva wa bodaboda, walimu, na akina mama wanaorudi na watoto mgongoni. Sufuria inakuwa tupu saa moja na nusu. Nikichelewa daladala, nakuta zimebaki chipsi.